Taa ya Kucha Shavuni

Mama mwenzangu, kama mwanao ana shavu limevimba na mtu akakwambia mlete amulikwe taa, muulize kwanza ni taa gani. Mimi sikuuliza mapema, na nusura nijute.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana saluni. Mwaka huu aling'olewa gego, na daktari wa meno akammulika ufizi kwa mwanga mwekundu ili kidonda kipone upesi. Wifi akarudi anausifu huo mwanga kuliko anavyomsifu mumewe. Na pale saluni ana kile kiboksi cha taa ambacho wateja huingiza vidole ili rangi ya kucha ikauke. Akaona hiyo ni taa na hii ni taa. Akaanza kumulika watu mashavu.

Binti yangu gego lilikuwa limeoza. Akawa anapitia kwa shangazi yake akitoka shule, anamulikwa, anapewa na vidonge vya maumivu. Akirudi ananiambia, "Mama, imetulia." Nami nikasema afadhali. Kumbe kilichotuliza ni vidonge.

Asubuhi moja akaamka shavu limejaa kama andazi, ngozi inang'aa. Uji ukamshinda, mdomo haufunguki. Nikamwambia avae twende hospitali, nikaingia chumbani kutafuta pesa. Nilipotoka hayupo. Mume wangu akasema, "Dada ameshapita kumchukua. Kasema leo atammulika zaidi."

Nilitoka na kanga ya kulalia.

Nilimkuta mwanangu amelaza kichwa kiubavu, shavu limebanwa kwenye kile kiboksi, machozi yanamtoka. Wateja wawili wanamtazama.

"Mtoe," nikasema.

"Wifi, salimia kwanza," akasema. "Uvimbe ndio unaiva. Ukiiva unapasuka, basi."

"Utapasukia wapi, kooni? Mtoe."

"Mimi nimemulikwa na daktari mwenyewe, nikalala kama mtoto mchanga. Wewe umesoma wapi udaktari? Mwanga ni mwanga."

"Na maji ni maji. Mbona hunywi hayo ya kwenye beseni la kuoshea miguu?"

Mteja mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Wifi akanuna. "Unaniaibisha mbele ya watu."

"Heri nikuaibishe."

Nikavuta waya ukutani, nikamshika mwanangu mkono. Alikuwa wa moto kama pasi. Njiani alitaka kusema neno, mate yakamtoka, hawezi kuyameza. Nikamfuta kwa pindo la kanga, tukaongeza mwendo.

Daktari wa meno alipomwona hakutuweka foleni. Akamchoma ganzi, akapasua, usaha ukatoka, nami nikautazama wote. Alipomaliza nikamwambia kuhusu saluni. Hakucheka. Akasema, "Mwanga wa kutibu upo, hata hapa tunao. Ila una kipimo chake, na hautoi usaha. Huo wa kucha ni kitu kingine kabisa, unaweza hata kuunguza ngozi. Tena mama, angechelewa, uvimbe ungeshuka shingoni ukamziba pumzi."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Alipopona homa tulirudi akang'olewa lile gego. Daktari akaleta ule mwanga wake, kijiti chembamba chenye ncha nyekundu. Nikamzuia mkono. "Unaunguza? Unafanya nini humo ndani?" Akanijibu yote, kwamba hauunguzi, kwamba unasaidia kidonda na maumivu kwa wengine, si kwa wote. Akatuvalisha miwani ya kukinga macho mimi na binti yangu, ndipo nikamruhusu. Mwanangu alilala vizuri siku hiyo. Kama ni mwanga au ni dawa, sijui, na daktari naye hakujifanya anajua.

Sasa wifi anatangaza kwamba yeye ndiye aliyeuivisha uvimbe, daktari kamalizia tu. Kiboksi bado kinamulika mashavu. Akasema hakanyagi kwangu mpaka niombe radhi mbele ya ukoo. Mume wangu akaniambia, "Mama watoto, omba yaishe. Neno moja tu."

Nikaenda kwake na binti yangu. Ndugu walikuwa wamejaa sebuleni, wifi amekaa katikati kama bi harusi. Nikasema, "Wifi, niwie radhi kwa kuvuta waya vile, huenda nimeuharibu, nitakununulia mwingine. Kwa kumtoa mwanangu siombi. Na nikikuta mtoto wa mtu mwingine amelazwa pale, nitauvuta tena."

Nikamwambia binti yangu avae viatu, tukaondoka.