Ugonjwa wa Kioo cha Kushoto

Kioo cha kushoto cha gari kilikuwa kimeinama, kikimwonyesha tairi na vumbi tu, na asubuhi hiyo nusura Mzee Rula amgonge mwendesha baiskeli alipokuwa akitoka getini. "Huna macho wewe?" yule mtu alifoka, akashika njia. Mzee akarudisha gari uani, akabaki kitini. Alitamani kumsimulia mtu yaliyotaka kumfika. Ndani ya nyumba hamkuwa na mtu.

Majirani walimpa jina la Rula kwa kuwa alichora ramani za majengo miaka thelathini, na hata maneno aliyapima kabla ya kuyatoa. Msemaji wa nyumba alikuwa mkewe. Binti yao, fundi umeme wa magari katika mji wa mbali, kila alipopiga simu, baba aliitikia salamu kisha akasema, "Haya, mama yako huyu hapa." Sasa mama alikuwa na miezi saba kaburini. Baba na binti waliulizana hali, wakaagana.

Siku hiyo alipiga baba mwenyewe.

"Shikamoo, baba. Kuna nini?" Sauti ya binti ilijaa hofu.

"Marahaba. Hakuna baya. Kioo cha pembeni hakisogei nikibonyeza swichi."

Binti akashusha pumzi. "Cha kulia je?"

"Kinasogea."

"Basi fyuzi ni nzima. Usikimbilie gereji wakakubandikia kioo kipya bure. Ugonjwa tutautafuta wenyewe."

Wakautafuta kila adhuhuri, binti alipopumzika kazini. Siku ya kwanza mzee alibandua ubao wa ndani wa mlango. Ya pili aligusisha taa ya kupimia kwenye plagi ya kioo, haikuwaka. "Mota inayokisogeza kioo haiumwi," binti alisema, "ina njaa ya umeme tu." Ya tatu alivuta mpira unaopitisha nyaya penye bawaba, akakuta waya mmoja umekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa miaka nenda, miaka rudi.

"Mikono haitetemeki, baba?"

"Inatetemeka. Ndiyo maana bisibisi naishika kwa yote miwili."

"Na simu umeishika kwa mguu?"

Akacheka. Kicheko chake mwenyewe kilimshtua, kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Siku ya nne aliweka simu kwenye dashibodi, akasokota shaba kwa shaba, akazungushia utepe mweusi, akabonyeza swichi. Kioo kikanguruma kwa mbali, kikainuka. Ukuta ukaonekana, kisha geti, kisha barabara nzima.

"Vipi, baba?"

Mzee akakitazama kioo. Kesho adhuhuri watazungumza nini?

"Bado," alisema.

"Haya. Kesho tutajaribu tena."

Kesho yake wakapima nyaya zisizo na kosa, na siku iliyofuata vilevile. Kila alipoulizwa alijibu, "Bado." Alimwazia binti, chakula kikimpoa mezani kwa ajili ya mgonjwa aliyekwisha kupona. Yeye, aliyekuwa akirudia ramani nzima kwa mstari uliopinda unene wa unywele! Usiku ule usingizi ulimkataa, na adhuhuri simu ilipolia hakungoja salamu.

"Mwanangu, nimekudanganya. Kioo kilishapona. Leo siku ya tatu."

"Najua, baba."

"Umejuaje?"

"Niliisikia mota ikizunguka. Kazi yangu hiyo."

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani; binti alikuwa anakula, wala hakuwa na haraka.

"Sasa kwa kuwa leo hatuna mgonjwa," binti alisema, "wewe umekula nini?"

Mzee akafungua mlango wa gari, akaketi kiti cha abiria, miguu nje juani.

"Viazi. Vimeungua kidogo."

"Vimeunguaje?"

Akajiweka sawa kitini, akaanza kueleza.