Mlango wa Kabatini

Kabati lilifunguka kwa ndani, akatoka mwanamke ameshika sufuria ya supu ya viazi.

Nilipiga ukelele. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nimesimama katika chumba cha kulala cha nyumba niliyoinunua mwenyewe, lakini mtu akikutokea katikati ya makoti, mvuke ukimpanda usoni, utafanya nini? Nilirudi kinyumenyume nikaangukia kitanda cha mpangaji wangu bila kukaribishwa.

"Huyu naye nani?" yule mama akauliza kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyetoka kabatini.

"Mwenye nyumba mpya," akajibu Bwana Ebeling, mpangaji wangu, mzee mrefu aliyevaa sweta la kijani. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. "Nilikwambia anakuja leo."

"Ulisema kesho."

"Nilisema leo, Gerlinde."

"Haya, ameshaona. Anakula supu?"

Siku hizi vijana wanaotaka kununua nyumba za kupangisha hunitafuta hapa Halle, Ujerumani. Wananiuliza mtaa upi unapanda bei, benki ipi haina masharti magumu. Nawajibu kadiri ninavyojua. Kisha nawaambia: ingia ndani, gusa kuta, fungua kila kabati. Wanacheka, wanadhani nazungumzia ukungu.

Mimi pia nilionywa. Mama mdogo Roswitha, aliyezeekea kwenye biashara hiyo, aliniambia wazi, "Antje, usilipie kitu ambacho hujakitia machoni." Lakini kila nilipoomba kuingia, mzee alikuwa mgonjwa, mara anasubiri daktari, mara hajisikii vizuri. Dalali akaniambia huyo ni mpangaji wa dhahabu, kimya, halalamiki, nataka nini tena? Na kwetu nyumba ikiuzwa mpangaji hang'oki, unamnunua pamoja na kuta zake. Nikatia saini. Akiba yangu yote, na mkopo juu yake, vikaingia katika vyumba viwili vya ghorofa ya nne ambavyo sikuwahi kuvikanyaga.

Basi siku hiyo nikainuka kitandani, nikasogeza makoti. Kabati halikuwa na mgongo. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetobolewa upana wa mlango, kingo zimepigwa lipu vizuri, na ng'ambo kulikuwa na sebule ya mtu, redio inaimba, paka amelala kwenye kochi. Mama yule, Bi Krahl, alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, yenye mwenyewe mwingine na lango lake upande wa pili wa jengo. Ukitaka kumfikia kwa njia halali, unashuka ghorofa nne, unazunguka jengo, unapanda nyingine nne. Bwana Ebeling alikuwa na moyo mbovu. Bi Krahl nyonga ilikuwa imemwisha, na hata kushuka kuchukua barua alishaacha.

"Mume wangu ndiye aliyetoboa," Bi Krahl alisema huku akinipakulia, maana supu nilikula, sikuwa na nguvu ya kukataa. "Irmela, mke wa huyu, alikuwa kitandani, hajiwezi. Mimi nilikuwa muuguzi. Usiku kucha napanda na kushuka ngazi kumgeuza. Mume wangu akasema, Gerlinde, utakufa wewe kabla yake. Akachukua nyundo."

Irmela alifariki, na baadaye mume wa Bi Krahl. Tundu likabaki. Likawekewa kabati, na kila mwenye nyumba akija, makoti yanatundikwa kulificha.

Nilimsimulia mama mdogo kwa simu.

"Antje, huo ni ukuta wa kuzuia moto."

"Najua."

"Hujui! Moto ukishika upande mmoja, familia zote za pande mbili zimekwisha. Na bima haitakutazama hata usoni. Ziba!"

Nilikuwa nimekasirika, na niseme kweli, nilikuwa na hofu. Akilini nilimwona kila mtoto wa jengo lile amelala huku moto unapita kwenye makoti ya Bwana Ebeling. Nikamwandikia mwenye nyumba ya pili, nikitumaini atakuja na wazo. Jibu lake lilikuwa fupi: zibeni, gharama ni zenu.

Nikaenda kuwaambia. Walikuwa mezani kwa Bi Krahl wanakata keki ya plamu. Niliwaambia tundu lazima lizibwe.

"Si mhamie upande mmoja?" nikasema. "Kisheria hakuna wa kuwazuia."

Bi Krahl akaangua kicheko. "Mimi? Na huyu? Anakoroma mpaka paka anahama chumba! Hapana, binti. Tunakula pamoja, kisha kila mtu na kitanda chake. Ndivyo tulivyo."

Nikamgeukia mzee. Hakuwa anacheka.

"Mimi siwezi kutoka kule," alisema taratibu. "Irmela amefia chumba kile. Dirisha lile ndilo alilokuwa anatazama."

Bi Krahl akaacha kucheka. Alisukuma sahani yake pembeni, na hakuna aliyegusa keki tena.

Siku ya kazi nilikuwepo, maana niliona aibu kumwacha fundi peke yake na jambo lile. Kabati lilikuwa limesogezwa. Bi Krahl alikaa upande wake, ametugeuzia mgongo, anamenya viazi kwa kasi ya ajabu. Bwana Ebeling alikuwa amejifungia jikoni. Matofali yakapanda. Kila fundi alipogonga tofali kwa mpini wa mwiko, nilishtuka, ilhali mimi ndiye niliyemwita.

Ukuta ulipofika kiunoni, fundi alikwenda bafuni kukoroga udongo mwingine wa saruji. Mlango wa jikoni ukafunguka. Bwana Ebeling akatoka amevaa koti na kofia, mto kwapani, mkono wa pili unaburuta kiti.

"Nishike kiwiko, binti."

Nilidhani anataka kuaga. Akapanda juu ya kiti. Kabla sijaelewa, mguu mmoja ulikuwa ng'ambo.

"Wewe! Wazimu umekupanda?" Bi Krahl akapiga kelele, viazi vikamwagika. "Utavunjika!"

Alining'inia pale, anahema vibaya, na mimi nimemshikilia kwa nguvu zangu zote, moyo wangu unadunda kama wake. Kisha akavuta mguu wa pili akasimama upande wa pili, kofia imekwenda upande. Akaingiza mkono mfukoni, akanipitishia funguo juu ya matofali.

"Bwana Ebeling, sikukufukuza," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka wazi. "Nyumba ni yako. Kaa mpaka mwisho."

"Najua, mwanangu. Umesema vizuri." Aligeuka akatazama dirisha lililokuwa nyuma yangu, akalitazama kwa muda mrefu. "Ila Irmela mwenyewe angenicheka, kukaa kule peke yangu nikisikiliza ukuta."

Bi Krahl alisimama na kisu mkononi, mdomo wazi. Alimtazama mzee, akautazama mto, akavitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi la saruji.

"Vua viatu," akasema. "Nimepiga deki."

Fundi akarudi na ndoo. Akatutazama sote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Niendelee, au nisubiri?"

Nilimgeukia Bwana Ebeling.

"Endelea, bwana," Bwana Ebeling akasema akiwa ameinama kwenye kamba za viatu. "Upepo unaingia huku."

Fundi akachota udongo kwa mwiko, akaweka tofali.