Ngamia wa Ushuhuda

Mume wangu Lokol hajawahi kuniinulia mkono, na hiyo si sifa yake, ni akili yake. Ananijua. Kwa hiyo Jumapili ile aliposimama kwenye mimbari ya kanisa letu la mabati hapa Isiolo, akalia machozi na kusema, "Nilikuwa nampiga mke wangu kama ngoma," niligeuka nyuma nimwone huyo mke ni nani. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tano, baada ya ule ukame mkubwa. Lokol alikuwa mwinjilisti, ingawa watu walimwita mchungaji kwa heshima, na mahubiri yake, Mungu anisamehe, yalikuwa yanalaza watu usingizi. Lowoi, mzee wa kanisa, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba watu wasipoongezeka, wakubwa wa kanisa kule Meru watamleta mwingine na sisi tutatoka kwenye nyumba ya kanisa. Basi Lokol akaenda mkutano wa injili kule Nanyuki, akamsikia mhubiri mgeni akieleza jinsi alivyokuwa mwizi wa ng'ombe, mlevi na mpiga mke kabla ya kuokoka. Umati ulilia. Lokol akarudi nyumbani na ushuhuda ule mzimamzima, kama mtu aliyeokota koti barabarani akalivaa bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Kitu kimoja tu ndicho alichoongeza kutoka kichwani mwake. Aliona ng'ombe ni kidogo kwa watu wa Isiolo, akamgeuza kuwa ngamia. Ngamia jike, mweupe, mwenye mkato kwenye sikio la kushoto, aliyeibwa upande wa Sericho wakati wa ukame.

"Wewe ulinipiga lini?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Akiru, hiyo ni ushuhuda tu."

"Shahidi ni mtu ameona. Wewe umeona nini?"

"Lakini si umeona watu wamelia?"

Hapo alikuwa na haki. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mpaka wengine wakasikilizia dirishani. Sokoni wanawake walinishika mkono na kuniambia, "Pole dada, umevumilia." Mmoja aliniletea mafuta ya kuchua mgongo. Nilikasirika sana, halafu nikayatumia kwa magoti yangu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Lokol ilifika mpaka Sericho, na Sericho si karibu. Habari ikipita soko la mifugo la Isiolo haina haja ya gari. Juma moja halikwisha, mzee mrefu mwenye kilemba akasimama mlangoni petu akiwa na wenzake wawili, akatupa salaam aleikum na kusema yeye ni Dabaso wa Sericho.

Nikawapa chai. Dabaso alikunywa kikombe cha kwanza na cha pili, akauliza habari ya mvua, ya watoto, ya mbuzi. Ndipo akamgeukia mume wangu kwa upole mwingi.

"Mchungaji, tumesikia umetubu. Hiyo ni kitu mzuri sana. Mtu kusema makosa yake mbele ya watu si rahisi. Sasa tumekuja kuchukua ngamia."

Lokol akapaliwa na chai.

"Mzee, hiyo... Mungu alishanisamehe."

"Mungu amesamehe ya kwake. Ngamia ilikuwa yangu."

"Ilikuwa mfano tu, mzee."

"Mfano inasemanga, 'palikuwa na mtu.' Wewe ulisema 'mimi.'"

"Lakini ngamia ya sikio kukatwa ni wengi!"

"Ni wengi," Dabaso akakubali. "Lakini wewe uliiba mmoja."

Akatupa muda mpaka Jumapili, baada ya hapo twende kwa chifu. Alipoinuka kuondoka alinitazama kwa huruma, akasema, "Na wewe mama, pole kwa kupigwa." Nilitamani kummwagia chai iliyobaki. Nikajizuia, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Jioni Lokol alimweleza Lowoi ukweli wote mbele yangu, jasho likimtoka. Nilidhani mzee wa kanisa atashtuka, na kweli alishtuka.

"Hukuiba?"

"Sikuiba."

"Hata mbuzi?"

"Hata yai."

Lowoi akashika kichwa. "Sasa tutafanya nini na wewe? Mwizi ameokoka ni utukufu ya kanisa. Mtu amedanganya kwa mimbari ni aibu. Wewe baki mwizi. Washirika watachanga mbuzi, tutalipa huyu mzee, na sifa itafika mpaka Meru."

Nilimwona Lokol akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hapo ndipo nilipomchukia kidogo. Uongo wa kunipiga mimi ningeumeza. Lakini watu wetu walikuwa wametoka kwenye ukame juzi tu, na mbuzi waliobaki ungeweza kuhesabu mbavu zao. Nikamwambia akilipa uongo wake kwa mbuzi wa watu, nyumba ya kanisa atakaa peke yake. Lowoi naye akaenda kutangaza mchango.

Jumapili kanisa liligeuka zizi. Watu walikuja na mbuzi zao wakiimba, na mbuzi wakaimba zaidi yao. Dabaso alisimama mlangoni na wenzake, ngamia waliyekuja naye akiwa amefungwa kwenye mti nje. Wa kwanza kwenda mbele alikuwa Akuam, mjane ambaye ukame ulimbakishia mbuzi mmoja tu. Alimvuta mpaka kwenye mimbari, akamtia Lokol kamba mkononi.

"Shika, mwanangu. Hata mimi Mungu amenisamehe mengi."

Lokol akashika. Mbuzi akaanza kumtafuna koti. Kwa muda mume wangu alimtazama mbuzi, akamtazama Akuam, halafu akanitafuta mimi kwa macho. Sikumsaidia.

"Mama," akasema, "chukua mbuzi yako."

Akageukia watu. "Mimi sijawahi kuiba ngamia. Ile ushuhuda ni ya mtu nilisikia Nanyuki. Pombe sijawahi kunywa, tumbo yangu inakataa. Na huyu Akiru, mimi nitampiga namna gani? Hebu mwangalieni."

Waliniangalia, wakakubali upesi kuliko nilivyopenda. Lowoi alipiga kelele "Haleluya!" akaanzisha pambio, lakini hakuna aliyeitikia.

"Ngoja," Dabaso akasema kutoka mlangoni. "Juzi uliiba, leo hukuiba. Siku gani ulikuwa unadanganya? Hakuna mtu anaweza kuondoa ngamia kwa boma kama hajui ngamia. Kuja hapa nje. Fanya huyu wangu apige magoti."

Kanisa lote likamwagika nje. "Wanamwita mchungaji," Dabaso aliwaambia wenzake. "Basi tuone akichunga."

Sasa, Lokol ni Mturkana wa mjini. Baba yake alikuwa mpishi. Alimwendea ngamia akiwa amenyoosha mkono kama anayepima sufuria ya moto, na kabla hajafika, ngamia akanguruma. Nilipotazama tena mume wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika gauni langu kwa mikono miwili.

Watu walicheka mpaka wengine wakaachia kamba, mbuzi wakatawanyika. Dabaso alicheka kuwashinda wote. Alikaa chini akijifuta machozi kwa kilemba. "Huyu hawezi kuiba hata mavi ya ngamia!"

Kisha kicheko kikamwisha. Akabaki pale chini, fimbo mapajani.

"Mimi ngamia yangu nyeupe alipotea, nikakubali alikufa na ukame," akasema. "Nilikuwa nimemaliza. Halafu watu wakaniambia kuna mtu Isiolo amesema alimchukua akiwa mzima. Nimetoka Sericho nikiambia watoto tutakunywa maziwa." Akamtazama Lokol. "Wewe ulimfufua. Leo umemuua tena."

Niliona aibu mpaka masikioni, na sikuwa nimesema uongo wowote.

"Mwambie neno, mchungaji," Lowoi akanong'ona.

Lokol akafungua mdomo. Namjua mume wangu. Nilijua anapekua kichwani, mhubiri huyu alisemaje, mgeni yule alisemaje, na kwamba hapati kitu. Akafunga mdomo. Akaachia gauni langu, akapita karibu kabisa na ngamia bila hata kumwona, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Nisamehe, mzee Dabaso."

Dabaso akaweka fimbo kando.

"Hiyo umechukua kwa nani?"

"Hii ni yangu."

"Haya. Hiyo nimepokea," akasema, akampa mkono amwinue, kisha akaenda kufungua ngamia wake.