Aliyeanua Dagaa wa Watu

Katika kijiji cha ziwani cha Mwamgongo, wingu likitanda, hakuna anayeuliza dagaa walioanikwa ni wa nani. Aliye karibu anaanua, anafunika, mwenyewe atakuja kushukuru baadaye. Asnath mwenyewe alikwisha kuanuliwa dagaa wake mara nyingi.

Lakini mwezi ule wizi ulikuwa umewachosha watu. Magunia ya dagaa yalipotea kila kukicha, na watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo Asnath, akiteremka kutoka shambani, alipomwona mwanamume asiyemjua akizoa dagaa wake mchangani na kuwatia guniani, hakuangalia juu. Alipiga yowe la mwizi, ufuko mzima ukasikia.

Vijana walitoka mitumbwini na makasia, wa kwanza akiwa mwanawe, Bonifasi. Yule mtu hata hakukimbia. Angekimbia nini, naye alikuwa anasaidia? Alinyoosha mkono kuelekea ziwani, akasema, "Mama, mvua."

Hapo ndipo Asnath alipoliona wingu, zito, limeshaifunika milima ya Kongo. Akaona na dagaa wa jirani yake Yunisi wamefunikwa turubai vizuri, mawe pembeni. Lakini makasia yalikuwa yameshaanza kumshukia yule mtu. Alimrukia Bonifasi, akamng'ang'ania mkono, akalia kwamba amekosea, wamwache. Bonifasi alimsukuma pembeni, akaendelea kupiga.

Mvua ilinyesha wakati mtu ameshakufa.

Jina lake Samson, mvuvi mgeni aliyeajiriwa na mzee Japhet, mwenye mitumbwi, wiki yake ya kwanza kijijini. Polisi walipofika kwa boti, wanakijiji walikuwa wameshakubaliana: mwizi kakamatwa na gunia mkononi, wananchi walikuwa na hasira, hakuna aliyemtambua mpigaji. Yunisi alimnong'oneza Asnath anyamaze. Marehemu harudi, na mtoto anaye mmoja tu. Asnath alijua hilo kuliko yeyote. Ila aibu ilimkaba. Mtu awaanulie dagaa wao, wamuue, halafu wamzike kwa jina la mwizi?

"Hakuwa mwizi," alisema. "Alikuwa ananianulia. Mimi ndiye niliyepiga yowe."

Askari akauliza nani waliompiga. Watu wakatazama chini. Bonifasi peke yake alimtazama mama yake, macho yakimwomba kama alipokuwa mdogo.

"Wa kwanza ni huyu mwanangu," alisema Asnath, machozi yakimtoka. "Niliposema mwizi, alinisikia. Niliposema mwache, hakunisikia."