Upande wa Buluu wa Kijito

Verlene Stidham aliandika anwani ya kanisa lake kwenye ile ramani ya mtandaoni, akabonyeza, akangoja. Nukta nyekundu ikadondoka palepale kanisa lilipo, kwenye kona ya barabara ya Pigeon Fork, na chini yake yakatokea maneno mawili: Eneo halistahili.

Akafuta. Akaandika tena, herufi moja moja, kama mtu anayemrudia kiziwi swali. Jibu likawa lilelile.

"Shetani wewe," akaiambia kompyuta, kisha akakumbuka kwamba yumo ofisini mwa mchungaji. Akashusha sauti. "Hebu angalia vizuri."

Alichokitaka hakikuwa makuu. Shule zikifungwa majira ya joto, serikali hulipia chakula cha mchana cha watoto, bure, bila mtoto kuulizwa baba yake anapata nini. Ila kuna sharti. Mahali wanapokula lazima pawe kwenye eneo ambalo angalau nusu ya watoto wake wanatoka nyumba zenye kipato kidogo, na hakuna mtu anayetumwa kuja kuchungulia masufuria. Inaulizwa ramani. Ukiangukia rangi ya buluu, karibu. Ukiangukia nyeupe, ahsante kwa kupiga hodi. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa, na bonde la Pigeon Fork, ambako mgodi wa makaa ulifungwa na duka nalo likafuata, lilikuwa jeupe pe.

Mchungaji Lonnie Fugate alikuja kuchungulia begani mwake. Alikuwa mtu mwema, mpole mno, wa aina inayoomba radhi mlango ukimgonga.

"Ni zile nyumba za ziwani, Dada Verlene," alisema. "Kipande chetu kinapanda mpaka kule juu ya kilima. Wale watu wa mjini wenye maboti wakijumlishwa na sisi, wote tunaonekana tuna hela."

"Mimi sijawahi kuwa na hela maisha yangu yote. Kumbe siku nimezipata, hata habari sikupewa!"

"Labda si mapenzi ya Mungu mwaka huu."

"Mapenzi ya Mungu hayachorwi na kompyuta, mchungaji. Niachie kiti."

Mchungaji akamwachia kiti, maana kumwondoa hapo angehitaji trekta.

Wengine wangekunja mkeka. Verlene alikuwa na sababu ya kutokunja, na sababu hiyo ilikuwa na jina: Raelyn. Kila Jumatano baada ya shule watoto walikuja kanisani kujifunza Biblia, naye Verlene aliwaokea skonzi za maziwa ya mgando, zile nene zinazopasuka zenyewe ubavuni. Raelyn alikuwa na miaka minane na meno ya mbele hayajakamilika. Alikula skonzi moja. Nyingine alizifunga kwenye leso ya karatasi, akazitia mfukoni mwa koti, akazipapasa kuhakikisha zipo. Verlene aliona, akageukia sinki, akaosha bakuli lililokwisha kuoshwa. Jumatano iliyofuata akaoka nyingi zaidi, nazo zikaondoka vilevile.

Wakati huo mtoto yule alikuwa akila shuleni, asubuhi na mchana. Shule ikifungwa je? Swali hilo lilimkaa Verlene kifuani kama mfupa wa samaki. Aliapa kwamba majira haya ya joto hakuna mtoto wa bonde lile atakayepitisha mchana kwa maji ya bomba, na Verlene akiapa jambo, hata mvua hungoja aone litaishaje.

Akapiga simu mji mkuu wa jimbo. Baada ya muziki mwingi wa kungojeshwa, akapokelewa na bwana mmoja aitwaye Pruitt, mwenye sauti ya mtu anayetamani kwenda kula.

"Mama, mimi siwezi kuibadilisha ramani rangi."

"Basi nani anayeipaka? Nipe namba yake."

"Haipakwi na mtu, mama. Ni takwimu za sensa."

"Hizo takwimu zimewahi kufika Pigeon Fork? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na nyie mmetuweka na wale matajiri wa ziwani chungu kimoja."

Pruitt akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Nakuelewa. Lakini mimi naangalia kitu kimoja tu, ile nukta inaangukia wapi. Na nukta ni pale watoto watakapokula. Mkipika kwingine, sawa, ilimradi jiko limekaguliwa. Wakila kwenye nyeupe, siwezi. Wakila kwenye buluu, naweza."

Verlene akachukua kalamu. "Rudia hapo kwenye kupika."

Akarudia. Verlene akamshukuru, akamwambia akale, akakata simu.

Alirudi kwenye ramani, akaivuta karibu, karibu zaidi, mpaka paa la kanisa lao likaonekana. Mpaka wa eneo ulikuwa mstari mweusi, nao haukupita angani ovyo. Ulishuka na kijito. Upande huu wa maji, jiko lake zuri lenye kibali cha afya, na weupe. Upande wa pili, hatua chache tu ukivuka daraja la mbao, buluu tupu. Na ndani ya buluu hiyo, palikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa watoto: banda refu lenye meza za mbao, la Kanisa Kongwe.

"Bwana Yesu," alisema Verlene, na safari hii alikuwa anasali kweli.

Zamani makanisa hayo mawili yalikuwa kanisa moja. Kisha kikaja kinanda. Kuna waliosema kinanda kitasaidia watu kuimba, na kuna waliosema wazee wetu waliimba kwa makoo waliyopewa na Muumba na wakafika mbinguni salama. Wa kinanda wakatoka, wakajenga upande huu. Wa makoo wakabaki na kanisa la kale pamoja na meza za nje, ambako watu hula baada ya mazishi na mikutano mikubwa. Mpigaji wa kinanda alikuwa Verlene. Kiongozi wa makoo alikuwa Opal Combs, rafiki yake tangu wanacheza matopeni. Opal alisimama mbele ya watu wote akasema kinanda ni chombo cha baa. Verlene naye akasimama akasema kwamba kwa mwenye sauti kama ya Opal, kinanda ni huruma. Tangu siku hiyo kila mmoja alimwona mwenzake dukani akageukia rafu ya sabuni.

Na Opal ndiye aliyekuwa bibi yake Raelyn. Alikuwa anamlea yeye na wadogo zake wawili tangu mama yao alipomezwa na uraibu wa vidonge.

Silaha ilikuwa mkononi, na Verlene aliiona vizuri sana. Angeweza kuvuka akasema, mjukuu wako anaficha chakula mfukoni, kwa hiyo usinibishie. Njia nzima ya kwenda darajani alikuwa akiupima mkuki huo. Katikati ya daraja akausikia uzito wake na akaona aibu. Kuna ushindi unaomwacha mtu mdogo kuliko kushindwa. Akaamua hatalitaja jina la mtoto, liwalo na liwe.

Opal alikuwa barazani akimenya viazi. Alimwona tangu mbali, lakini kisu hakikusimama.

"Bi Stidham," alisema. Zamani angesema Dada. "Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kuomba."

"Wewe? Kuomba?" Opal akatazama mbinguni. "Kesho jua litachomoza magharibi."

Verlene akaegemea nguzo ya baraza. Akaeleza yote akiwa amesimama hivyo hivyo, maana hakukaribishwa kiti: chakula, Ijumaa, jiko lake, meza zao. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye rangi.

"Ngoja, ngoja." Kisu kikasimama. "Unasema mimi nimepakwa rangi?"

"Si wewe. Eneo."

"Eneo ni mimi! Ni mimi, na akina Fields, na mjane wa Hobart. Kwa hiyo mtu amekaa mjini akatupaka rangi ya umaskini, watu wote duniani watazame? Na wewe umevuka daraja kuja kunionyesha? Sisi hatujawahi kumwomba mtu kitu."

"Opal, mimi nililia kwa sababu sikupakwa."

"Nini?"

"Nililia. Pale ofisini, mchungaji alipotoka. Nimetafuta umaskini kwa siku nzima kama mtu anayetafuta miwani, nikaambiwa sinao. Mimi, ambaye gari langu linafungwa mlango kwa kamba."

Kona ya mdomo wa Opal ikatikisika, akairudisha mahali pake kwa nguvu. "Nionyeshe hiyo ramani yako. Siamini kitu nisichokiona."

Verlene akatoa simu. Mtandao haukuwepo. Ukiacha ule wa waya ofisini mwa mchungaji, bondeni mle haujawahi kuwepo. Kila mtu alijua kwamba ukitaka mtandao unapanda makaburini. Wakatazamana. Opal akafuta mikono kwenye aproni, akachukua fimbo yake, na wanawake wawili ambao hawakuwa wamesemezana miaka na miaka wakaanza kupanda mlima pamoja, wakihema, kila mmoja akijifanya magoti ya mwenzake ndiyo yanayowachelewesha.

Makaburi hayakugawanywa. Ugomvi wa kinanda uliwagawa walio hai tu. Wafu walibaki wamelala bega kwa bega, akina Stidham na akina Combs. Opal akaketi kwenye benchi karibu na jiwe la mama yake Verlene, mwanamke aliyewafundisha wote wawili kukanda unga. Simu ikashika mtandao. Verlene akaandika anwani ya Kanisa Kongwe, kisha akampa Opal simu.

"Bonyeza hapo. Mimi sibonyezi kwa niaba yako."

Opal akabonyeza kwa kidole chenye unga wa viazi. Nukta nyekundu ikadondoka. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akaona paa la kanisa lake, paa la mjane wa Hobart, paa lake mwenyewe lenye turubai, vyote vimezama kwenye buluu.

"Linastahili," akasoma.

Akapitisha kidole juu ya buluu hiyo. Verlene alikuwa na maneno mengi tayari, na kila moja alilibana kwa meno.

"Kwa hiyo wanajua," Opal alisema mwishowe. "Nilidhani tumeficha vizuri."

"Mficha uchi hazai, Opal."

"Usinifundishe methali juu ya kaburi la mama yako. Ndiye aliyenifundisha hiyo." Akamrudishia simu bila kumtazama. "Raelyn ananiletea skonzi kila Jumatano. Anasema zimebaki shuleni."

Verlene akatazama mawe. Siku zote alidhani mtoto anajiwekea mwenyewe.

"Mimi huwa nawaambia wajukuu nimeshakula," Opal akaendelea. "Naona yeye hakuniamini. Anaziweka mezani, anasimama mbele yangu mpaka nimalize." Akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Hakuna shule inayotia chumvi namna ile. Ya kwanza niliiuma mara moja tu nikajua ni mkono wa nani. Ningekuwa na kiburi chochote ningewatupia kuku. Nikaila, Verlene. Nimezila zote, na makombo nikayaokota kwenye leso."

Hapo Verlene akalia, si kama alivyolia ofisini kwa hasira, bali kwa uchungu wa miaka ile yote ya rafu ya sabuni. Akaketi bila kukaribishwa.

"Kwa nini hukutuma neno?"

"Kwa nani? Kwa mtu aliyesema sauti yangu inahitaji kuhurumiwa?"

"Inahitaji. Lakini sikupaswa kusema mbele ya watu."

Opal akacheka, akapenga kamasi kwa aproni. Chini yao kijito kilipita kati ya makanisa mawili, chembamba kiasi kwamba mtoto angeweza kukiruka.

"Meza zina ukungu," alisema. "Zitahitaji kusuguliwa. Na kinanda hakivuki daraja."

"Hakivuki."

"Na wewe upunguze chumvi."

"Hilo hapana."

"Basi watoto watakunywa maji mengi." Akajiinua kwa fimbo, akaunyosha mkono wa pili kumwinua mwenzake. "Hiyo serikali italipia na mabibi?"

"Inalipia watoto peke yao," Verlene alisema, akaushika ule mkono. "Skonzi za bibi ni zangu mwenyewe. Nitazileta mimi, Dada, umwache mtoto ale za kwake."