Korosho ya Mzee Tano

...na sasa siwezi kuitafuna wala kuitema, imekaa hapa kwenye shavu la kushoto kama jipu, korosho moja, korosho ya marehemu, na marehemu mwenyewe ananitazama kutoka kwenye picha pale juu ya madhabahu, katikati ya vitaa vyekundu vinavyowaka na kuzima, ana macho ya mtu aliyeibiwa, Damiani wewe, Damiani Likwena mtoto wa Newala, nani kakutuma, Saba, binti ya marehemu, alikuambia nini jana sokoni, alikuambia kesho kwenye kumbukumbu ya baba usiongee sana, simama tu kwenye mstari, usiguse kitu mpaka udi uishe, maneno mepesi, hata mtoto wa chekechea angeyashika, lakini mkono huu hauna adabu, miaka tisa kiwandani hapa Bù Đăng, saa chache kutoka Saigon, unachota korosho kwenye kila gunia linalopita, unatia kinywani, unauma, unasema hii daraja la kwanza, hii ina ukungu, rudisha, mkono hauombi ruhusa, umeona sahani ya korosho imekaa mezani kwa marehemu kati ya nguruwe wa kuchemshwa na mayai na kikombe cha kahawa ya maziwa, ukachota, kichwa kilikuwa hakipo, na meno ndiyo kwanza yameuma mara moja, Mama Tano akaunganisha viganja akamwita mumewe, mzee wangu, njoo ule, wanao wote wako hapa... njoo ule, anaambiwa, na mimi nimeshamtangulia! Mgeni gani huyu, marehemu anakula mara moja kwa mwaka, siku ya kifo chake, anakula kwanza yeye, walio hai wanasubiri udi umalizike ndipo wakae mezani, hata yule paka wao anajua, amelala kizingitini, hajanyanyua hata sharubu, na mimi mtu mzima wa miaka arobaini na moja nimeshindwa na paka.

Na ingekuwa ni kula tu ningesema basi, lakini leo si siku ya kula tu, leo naulizwa mimi, yaani naulizwa kwa marehemu, Mama Tano ana sahani yake ndogo na zile hela mbili za kale zenye tundu katikati, upande mmoja zimepakwa chokaa, anazirusha, zikilala moja nyeupe moja nyeusi mzee kasema ndiyo, zikifanana mzee kasema hapana, na mara tatu ndio mwisho, hakuna rufaa, akauliza mbele ya majirani wote, bila kuzungukazunguka, mzee wangu, Saba anataka kuolewa na huyu mtu wa mbali, unakubali hukubali, chwa! zote nyeupe, akazirusha tena, chwa! zote nyeusi, na Kaka Mbili, mtoto wao mkubwa, akakohoa kile kikohozi chake cha mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo, moyo wangu ukadondoka mpaka kwenye soksi, ndipo Mama Tano akasema mzee hajamaliza kula, tusimharakishe, chomeni udi mwingine, ukifika nusu nauliza mara ya mwisho... na huu hapa udi, umeshakatika majivu kidole kizima, na Saba kasimama pembeni yangu kainamisha kichwa, namsikia anavyopumua, Saba huyu aliyeniambia wazi, nakupenda, Damiani, lakini baba akikataa sitapita juu yake, nitabaki hapa nizeeke na kuku, na ukimjua Saba utajua kwamba atazeeka kweli na hao kuku, wala hatanung'unika. Udi, nenda polepole basi, ndugu yangu, una haraka ya wapi.

Aloo, aloo, moja, mbili, tatu, nne... ni Jirani Sita huko uani anajaribu kipaza sauti, maana hakuna kumbukumbu ya mtu bila kuimba baadaye, na nusu ya ukoo umegeuka, Kaka Mbili kasema naam, Dada Nne kasema nini tena, ndiyo shida ya nyumba ambayo watu wanaitwa kwa nambari ya kuzaliwa, na wa kwanza wala haitwi Moja, anaitwa Mbili, ukiuliza kwa nini kila mtu ana sababu yake, mimi niliacha kuuliza mwaka wa pili, kwani kwetu nina shangazi anaitwa Tatu na kuna aliyewahi kuuliza? nambari inakaa na mtu mpaka kaburini, na ukioa unavaa nambari ya mkeo, yule mume wa Dada Nne, fundi pampu, naye ni Nne, watu wameshalisahau jina lake, siku moja alipigiwa simu na mama yake mzazi akaulizwa wewe nani, akajibu mimi Nne, na mama akamjua. Na mimi naitwaje humu, miaka miwili nakanyaga nyumba hii, nambeba Mama Tano kwenye pikipiki kwenda kliniki, nazibua mtaro, naitwa Afrika, Afrika njoo ule, Afrika shika ngazi, bara zima nimelibeba peke yangu na mvua za huko naulizwa mimi. Si kwamba hawanipendi, mwaka ule wa kwanza mabibi wa sokoni walinisugua mkono waone kama rangi inatoka, na ilipokataa kutoka wakanipa embe, mama muuza mayai akanipa yai la bata, nikalivunja nikidhani yai ni yai, nikakuta kifaranga mle ndani ana jicho, ananitazama, nilipiga ukelele soko likasimama, mpaka leo wakiniona wanaigiza ule ukelele, na mpaka leo nakula mawili kila Jumapili, na chumvi na pilipili manga, mate yananitoka... usimeze mate, Damiani! ukimeza mate inakwenda nayo. Na viatu vyangu viko pale mlangoni, namba arobaini na sita, kati ya ndala za watu kumi na tisa, kila anayeingia anavicheka, watoto wa Dada Nne walishawahi kumlaza kuku kimoja akatagia humo, hata kutoroka siwezi, nitakimbilia wapi na nyayo ambazo wilaya nzima inazijua.

Kaka Mbili ananiangalia. Ananiangalia shavu. Jino, Kaka, linaniuma jino, geuka huko, huyu bwana hajawahi kunitukana hata siku moja, sema ana maneno yake, anasema Afrika ni mbali, mama akiugua Saba atarudi kwa mguu? nimeshamwambia siendi popote, kazi yangu iko hapa, nyumba nitajenga hapa, anasema hao wote husema hivyo, hao wote akina nani, humu wilayani niko mimi peke yangu! na leo kaja na boksi la korosho lenye utepe wa dhahabu, yeye anauza korosho za kukaanga barabara kuu, kalifungua mbele ya wageni, kasema kwa sauti, daraja la kwanza, za baba, kazimimina kwenye sahani ile, na kweli kwa macho ni nzuri, nyeupe, nzima... lakini... ngoja... ngoja kwanza, ulimi umegusa pale nilipouma, ulimi una kazi yake, haujali msiba wala harusi, hii korosho... mh. Hii korosho ni mbovu. Mafuta yamechacha, kwanza inakuja tamu, halafu nyuma kule kooni harufu ya kopo la rangi, hii ni ya mwaka juzi, imekaa kwenye joto, imekaangwa mara ya pili kuficha aibu, na chumvi nyingi juu yake, wajanja wote hufanya hivyo, gunia zima ningerudisha mlangoni. Masikini Mzee Tano! Ameitwa kutoka huko aliko, safari ya mwaka mzima, na kalishwa hii. Na Mzee Tano si mtu wa kulishwa hii, Saba kanisimulia, baba yake ndiye aliyepanda mikorosho ya kilima kile chote, alikuwa anaonja kila gunia kwa mkono wake, akamtemea tajiri mmoja korosho mbovu kwenye kiganja, akamwambia peleka kwa mama yako, na siku ya posa yake mwenyewe aliitema ya mkwewe, mbele za watu, akakosa mke miezi minne kwa ajili ya hiyo korosho mpaka Mama Tano alipokwenda mwenyewe kumchukua... na kama ni hivyo, zile hela, nyeupe nyeupe, nyeusi nyeusi, mbona nilidhani ananikataa mimi? Huenda anakataa sahani! Huenda mzee wa watu anasema hapana, hapana, ondoeni kitu hiki, na hakuna anayemsikia, humu ndani watu ishirini tunaojua kwamba korosho hizi ni mbovu ni wawili tu, mimi na yeye, na mmoja amekufa na mwingine mdomo wake umejaa.

Namtazama sasa. Miaka miwili sijawahi kumtazama vizuri, Saba husema msalimie baba ukiingia, mimi najifanya navua viatu, nitaiamkia picha mimi? ilhali bibi yangu Newala alikuwa akimwaga unga mlangoni na kuwaita babu zake mmoja mmoja, nikacheka siku moja akanichapa na mwiko, na sasa namtazama mzee huyu, ana kovu kidevuni, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na yale macho, wala si ya mtu aliyeibiwa, nayajua yale macho, ni ya mtu aliyetia kitu mdomoni na anafikiria pa kukitema. Afrika, Mama Tano kasema. Hajageuka, anatazama udi. Mama? Sauti imetoka kama ya bata, na Mama Tano akasema hicho kilichoko shavuni kitafune au kiteme, mzee wangu hapendi mtu wa katikati. Mungu wangu. Ndala zote za watu kumi na tisa zingekuwa miguuni zingegeuka, Dada Nne kaziba mdomo na kitambaa, Jirani Sita kaja mlangoni na kipaza sauti mkononi, na Kaka Mbili kapandisha sauti, Mama! kala chakula cha baba! kabla ya baba! mnaona? ndiyo maana baba anakataa! na Saba kanikamata kiwiko, kucha zimeingia, Mama Tano akasema nilimwona tangu mwanzo, Mbili, nina macho, sijauliza kala nini, namuuliza yeye, zikoje?

Zikoje. Swali la kila siku hilo, naulizwa mara mia, zikoje Damiani, na sijawahi kudanganya hata gunia moja, walishaniwekea bahasha mezani nikairudisha, lakini hapa... nikisema nzuri Kaka Mbili atatulia, ataona huyu mtu ana heshima, labda atanipigia debe, na nikisema mbovu nimemvua nguo mtoto wa mwenye nyumba siku ya kumbukumbu ya baba yake, mbele ya jirani mwenye kipaza sauti, kwaheri Saba, zeeka salama na kuku wako, sema nzuri, Damiani, neno moja tu, nani atajua... yeye atajua. Yeye pale juu. Nitaomba binti kwa mtu huku namlisha uchafu? Nikaitafuna, ikalia kacha nyumba nzima ikasikia, mafuta yale mabaya yakanijaa mdomo, nikameza, nikasema mbovu, Mama. Nikasema mafuta yamechacha, ni za mwaka juzi, zimekaangwa tena. Feni inazunguka, Kaka Mbili kaiva mpaka masikio, kasema mbovu? mbovu? hizi zinauzwa mpaka Saigon! na Mama Tano kanyoosha mkono, mkono mkavu, kachota moja, kauma, kaitema kiganjani. Kaitazama. Kisha katazama picha, na bega lake likatikisika, nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka kimyakimya mpaka kashika meza, akasema Mbili mwanangu, baba yako angekupiga na kiatu. Halafu akasema Saba, ondoa sahani hii, mzee asile uchafu.

Saba kaachia kiwiko changu kapiga hatua, na Mama Tano akasema si wewe. Akasema namwambia Saba mwenye viatu vikubwa. Nimesimama. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa fundi pampu, Nne, kaniambia nenda basi, Saba, unaitwa, kwa sauti ya mtu aliyekwishapita njia hiyo, Kaka Mbili bado kavuta mdomo lakini kajisogeza, kanipisha, na nimefika mezani, nimeinyanyua sahani kwa mikono miwili, ina uzito gani sahani ya korosho, na hela mbili ziko pale pale kwenye kisahani hazijarushwa, na udi unafuka, umebaki kidogo tu kufika nusu, na mzee yuko usawa wa uso wangu, taa nyekundu, giza, taa nyekundu, na kinywa bado kinanuka kopo la rangi... shikamoo, baba. Nimeziondoa. Kula sasa, taratibu, mimi niko hapa hapa, nasubiri marahaba yako.