Wifi ya Nyumbni

Tangu tumzike Phares, mume wangu, nachoka hata kusikia mlango ukigongwa. Lakini binti yetu Celine alikuwa amepata kazi ya kupokea simu za wateja kwa intaneti akiwa nyumbani, na bosi wake alishamwonya: sauti ikikatika tena, hana kazi. Chumba chake kiko nyuma, na ghorofa zetu za hapa Njiru zina kuta za mawe. Rauta ya Phares, kile kisanduku cha wifi kilicho sebuleni, haikumfikia. Celine akanunua ya pili, akaiweka koridoni idake mawimbi ya ile ya kwanza. Ikadaka, ila kasi ikawa nusu.

Nikamwita Sylvance, fundi aliyeimba besi na Phares kanisani.

"Mama Celine, hii ya koridoni inasikiliza na kuongea kwa mdomo mmoja, lazima ichoke," akasema. "Tuivutie waya. Halafu zote mbili ziwe na jina moja, simu ihame yenyewe. Shida ni hii ya mzee. Mipangilio yake aliifunga kwa neno alilojua peke yake. Itabidi niifute yote."

Nikamwambia asiiguse. Jina la wifi aliliandika Phares mwenyewe: Phares Nyumbni. Alisahau herufi moja, majirani wakamcheka, akakataa kurekebisha. "Anayejua kusoma ataiongeza," alikuwa akisema.

Celine hakubishana. Alisimama tu mlangoni, spika za masikio shingoni. "Mama, naingia kazini saa nane."

Nikakaa. "Haya, ifute. Lakini urudishe jina lake."

Sylvance akapitisha waya juu ya milango, akaandika jina na lile neno la siri la wifi tulilozoea. "Tayari."

Simu ya Celine haikushika. Yangu pia. Nikavaa miwani, nikasoma jina kwenye kioo cha simu.

"Umeongeza a."

"Nimemsahihishia mzee. Hata kwenye besi nilikuwa namsahihisha."

"Itoe."

Akaitoa kwenye rauta zote mbili. Simu zetu zikashika. Na juu ya kabati simu ya Phares, ambayo bado naichaji, ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kwaya: mazoezi Jumamosi, besi msichelewe.

Sylvance akainama kukusanya vipande vya waya.

"Sijamtoa kwenye kundi," akasema.

"Mwache."

Kule nyuma Celine alikuwa akimsalimia mteja. Nilisikiliza mpaka mwisho. Sauti haikukatika.